Mtambo wangu ulikufa kwa kuvimbiwa



Najua nimepotea. Mara ya mwisho kuandika hapa ilikuwa kabla ya UE, na nasikia wapo walioanza kueneza kwamba nimedisko. Sijadisko, jamani. Nilikuwa nyumbani Shinyanga nafanya projekti ya mwaka wa mwisho, na sasa nimerudi Mlimani na madaftari matatu yanayonuka mavi ya ng'ombe. Mwenzangu wa chumbani ameniomba niyalaze nje ya dirisha.

Jana nimewasilisha. Kwa kuwa kila ninayekutana naye kafeteria ananiuliza "ilikuwaje?", naona niandike yote hapa mara moja. Habari yenyewe ina ng'ombe, dhahabu, mama yangu na aibu kidogo.

Tuanze na maji. Sisi wa Shinyanga tumekua na ndoo kichwani. Mji ulitegemea bwawa la Ning'hwa, na kiangazi kikikaza mnaelewana wenyewe. Mwaka 2009 yakaja maji ya Ziwa Victoria, yanasukumwa kutoka Ihelele kule Misungwi hadi kwetu na Kahama. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka mama alivyofungua bomba akaacha yamwagike kidogo makusudi, anayatazama tu. Siku ile hakuna aliyeuliza: yakishatumika yanakwenda wapi? Maana ndoo inayoingia mjini ikiwa safi lazima itoke ikiwa chafu. Mtaani kwetu hakuna bomba la majitaka. Kuna choo cha shimo, au tanki la choo ambalo likijaa unaita gari la kunyonya, kama hela ipo.

Hilo swali mimi lilinifikia kwa njia mbaya. Nikiwa darasa la sita, kijana mmoja wa jirani yetu alidondosha simu kwenye tanki la choo lililokuwa limefunguliwa. Akashuka na ngazi kuifuata. Hakupanda tena. Rafiki yake akashuka kumwokoa, naye akabaki humo humo. Mtaani walisema ni mashetani. Mimi nilikubali, ningesema nini? Mpaka mwaka wa pili hapa chuoni, mwalimu anafundisha gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai bovu. Akasema ikiwa kidogo unaisikia, ikiwa nyingi pua inakufa ganzi huisikii tena, kisha unaanguka. Nilitoka nje ya darasa nikakaa kwenye ngazi. Hawakuuawa na mashetani wale. Waliuawa na kitu ambacho kina ukurasa wake kwenye kitabu. Kwa hiyo kabla sijaendelea: mtu akianguka kwenye tanki au shimo la choo, USISHUKE. Ita watu, tafuta kamba, ita zimamoto. Hata kama ni ndugu yako.

Tangu hapo nikaanza kufuatilia mambo ya uchafu usiopata hewa.

Nondo zenyewe ni hizi, kwa lugha ya kijiweni. Majitaka unaweza kuyasafisha kwa njia mbili. Ya kwanza unayapigia hewa kwa mashine, vijidudu vinavyopenda oksijeni vinakula uchafu. Inafanya kazi vizuri, ila inakula umeme usiku na mchana, na karibu nusu ya chakula wanachokula vijidudu hao inageuka kuwa miili yao, yaani tope ambalo nalo lazima ulipeleke mahali. Njia ya pili unafunika. Hakuna hewa kabisa. Humo wanafanya kazi vijidudu wa aina nyingine, kwa zamu. Wa kwanza wanakata vipande vikubwa kuwa vidogo, wa pili wanavigeuza asidi, wa tatu wanazipunguza asidi hizo kuwa siki na haidrojeni, na wa mwisho wanatoa methane, gesi inayowaka. Tope ni kidogo sana, kama asilimia 5 hadi 10 tu ya chakula, na hakuna umeme wa kupuliza hewa. Kwa kipimo chetu cha COD (ni njaa ya oksijeni iliyomo kwenye majitaka), kila kilo moja ikiliwa yote unapata lita 350 za methane.

Msukuma akishaambiwa hayo hahitaji mchoro. Ni tumbo la ng'ombe! Ng'ombe anakula majani ambayo wewe na mimi tungekufa nayo njaa, na anayeyameng'enya si yeye, ni vijidudu walioko kwenye lile tumbo kubwa, gizani, bila hewa. Ng'ombe akicheua anatoa methane. Mtambo wa majitaka ni ng'ombe asiye na miguu.

Na si jambo geni duniani. Mwingereza Donald Cameron alijenga tanki lake la choo mjini Exeter mwaka 1895, na gesi yake ikatumika kuwasha taa. Miaka ya 1970 kule Wageningen, Uholanzi, Gatze Lettinga na wenzake wakagundua namna ya kufanya kazi hii kwa haraka: majitaka yanaingia kwa chini, yanapanda taratibu kupita kwenye blanketi la tope, na tope lenyewe linajikusanya kuwa punje punje, ndogo kama mtama. Maji yanapita kwa saa chache, punje zinabaki ndani kwa wiki na wiki. Lettinga hakuuwekea hataza uvumbuzi wake, aliacha watu wautumie, na mwaka 2009 akapewa tuzo ya maji ya Lee Kuan Yew kule Singapore. Kanpur, India, walijenga mtambo wa aina hiyo wa majitaka ya mji mwaka 1989, lita milioni 5 kwa siku. Hapa kwetu mnaifahamu Hale, Tanga, ambako Katani walizindua mtambo wa kutoa umeme kwenye masalia ya mkonge mwaka 2008. Arusha kiwanda cha mvinyo wa ndizi, Banana Investments, kimefanya kazi ya namna hii na watafiti wa Nelson Mandela. Rwanda nao walianza na magereza: chuo cha KIST kiliweka mitambo ya kinyesi cha wafungwa, kuni za jikoni zikapungua karibu nusu, wakashinda tuzo ya Ashden mwaka 2005.

Sasa mimi nikasema: Shinyanga yenye ng'ombe wote wale, kwa nini isiwe na wa kwake?

Nikaenda kwenye machinjio moja (jina naliacha). Mfereji wa damu na maji ya kuoshea unapita nje, mbwa wanajua ratiba kuliko wafanyakazi. Msimamizi alinisikiliza, akacheka, akasema chukua unachotaka, kile wengine wanalipwa kukiondoa. Nikanunua pipa la bluu la lita 200, la mtumba, lililokuwa na mafuta ya kula. Nikatoboa, nikafunga bomba la kuingizia chakula, la kutolea uchafu, na mpira mwembamba wa gesi unaokwenda kwenye mpira wa ndani wa tairi la trekta. Hiyo ndiyo stoo ya gesi. Si mtambo wa Lettinga, msije mkanicheka, ni pipa tu la mtu anayesubiri bumu. Mbegu nikachukua bure: majani yaliyosagika tumboni mwa ng'ombe aliyechinjwa asubuhi ile ile, maana vijidudu wamo humo tayari. Nikajaza hadi lita 150, kila siku nalisha lita 5 za uji mzito wa mfereji, na natoa lita 5. Ukipiga hesabu, kila tone linakaa humo siku 30.

Pipa lilikaa nyuma ya jiko. Mama hakufurahi. "Baba, umesomea uhandisi miaka yote hii ili uniletee mavi nyuma ya jiko?" Wiki ya kwanza gesi ilitoka lakini ikazima kiberiti, ni kabonidayoksaidi tu. Siku ya 19, saa kumi na mbili jioni, nikafungua koki, nikawasha, ikawaka. Mwali wa bluu, haupigi kelele. Nikamwita mama. Akaja na sufuria bila kusema neno, akachemsha chai. Tulipokunywa ndipo akasema, "Kwa hiyo hii ni ng'ombe." Nikamwambia ndiyo, mama, ni ng'ombe.

Kwa wiki tatu mambo yalinyooka. Kila asubuhi napima pH kwa zile karatasi nilizopewa maabara: 7.0, 7.1, 7.2. Napima gesi. Naandika. Grafu inapanda kama barabara ya Sekenke.

Halafu mjomba akapiga simu kutoka Geita.

Mjomba wangu ni mchimbaji mdogo, yuko maeneo ya Rwamagasa. Amesikia kwa mama kuhusu pipa. Kambi yao ina watu wengi, choo kimejaa, kuni wanazifuata mbali. Njoo utuwekee na sisi, nauli yako ipo. Jamani, mwanafunzi gani anakataa nauli? Tatizo likawa data. Nikiondoka siku nne, nani atalisha? Nikafanya ujanja. Nikamwaga lita 20 kwa mkupuo, chakula cha siku nne, na kwa kuwa nilitaka grafu ipande zaidi, nikaongeza kilo mbili za pumba za mahindi. Mama alikuwa anaanika dagaa, akaniangalia. "Ng'ombe halishwi siku nne kwa siku moja." Nikamjibu kwamba hivi ni vijidudu, mama, si ng'ombe. Yaani wiki tatu nzima nimemwambia ni ng'ombe.

Nikaondoka, Kahama, Kakola, mpaka Geita mjini, na kesho yake mpaka kwa mjomba.

Wale ambao hamjafika, mwalo ni hivi: mawe yanasagwa kwenye karasha yakawa unga, unga unamiminiwa maji kwenye mteremko uliotandikwa magunia, dhahabu nzito inanasa. Kile kilichonasa kinachanganywa na zebaki kwenye beseni, kwa mikono, zebaki inaikamata dhahabu, unakamua kwa kitambaa, kinachobaki unakichoma. Zebaki inapaa kama moshi, dhahabu inabaki. Maji ya beseni yanamwagwa kwenye kidimbwi chini ya mwalo. Hatua kama ishirini kutoka kidimbwi kile ndicho choo cha kambi, na mvua ikinyesha vyote viwili vinakutana.

Mjomba akanionyesha tope la kidimbwi, jeusi, linatoa mapovu. "Mpwa, hili nalo limeoza vizuri. Si mbegu hii?" Kwa macho alikuwa sahihi. Tope jeusi lenye mapovu ndilo tunalolitafuta. Lakini hapo ndipo nilipoona kwamba nisingekuwa nimehudhuria kile kipindi cha saa moja asubuhi ningeua watu.

Zebaki ya kawaida ina ubaya wake, mvuke wake unaharibu mishipa ya fahamu ya anayeuvuta. Lakini ikishaingia kwenye tope lisilo na hewa, baadhi ya vijidudu wa humo, hasa wale wanaotumia salfeti badala ya oksijeni, wanaigeuza kuwa methili-zebaki. Hiyo ndiyo inayopanda kutoka tope hadi wadudu, hadi samaki mdogo, hadi samaki mkubwa, inaongezeka kila hatua, mpaka kwa mama mjamzito na mtoto aliye tumboni. Ndiyo iliyowaangamiza watu wa Minamata, Japani, ugonjwa uliotambuliwa mwaka 1956, ingawa pale ilitoka kiwandani ikiwa tayari imeshageuzwa. Mkataba wa dunia wa kupunguza zebaki umepewa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Rwamagasa yenyewe ilikuwa eneo la mradi wa zebaki wa Umoja wa Mataifa, kupitia UNIDO, miaka ya mwanzo ya 2000. Kwa hiyo si siri.

Ukichukua choo cha kambi na tope la mwalo ukavifungia kwenye tanki moja, umewapa vijidudu chakula, joto, giza na zebaki. Huo si mtambo wa kusafisha, ni jiko la sumu.

Cha ajabu ni kwamba wale wale wapenda salfeti wanaweza kuwa msaada mahali pengine. Kule Budel, Uholanzi, kiwanda cha zinki kimewatumia tangu mwaka 1992 kusafisha maji ya chini ya ardhi: wanageuza salfeti kuwa salfaidi, salfaidi inazishika metali, zinatua chini, zinakusanywa. Kidudu ni kile kile. Tofauti ni kwamba kule yuko mtu anayejua kilichomo ndani na anayekipima kila siku.

Nikamwambia mjomba hapana. Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi, jioni, tumekaa na vijana wake kama kumi. Mmoja akauliza, "Kwa hiyo sisi ndio tunakula zebaki yetu wenyewe?" Sikuwa na jibu la kumfurahisha. Tulichokubaliana ni kidogo: choo kipya kichimbwe upande wa juu, mbali na mwalo, maji ya beseni yasielekee huko kamwe, na zebaki ichomwe ndani ya kile chombo cha chuma kinachoirudisha ikiwa majimaji, mjomba alikuwa nacho ila kilikuwa kinashikilia mlango. Mtambo tutaongea choo kikishahama. Mjomba aliona nimekuja kwa nauli yake kumwambia hapana. Ndivyo ilivyokuwa.

Nikarudi Shinyanga. Mpira wa trekta nimeukuta umejaa pomoni, umekakamaa. Nikashangilia! Nikachukua kiberiti, nikafungua koki. Puu, kikazima. Cha pili, kikazima. Karatasi ya pH ikasoma 5.5. Harufu si ya mavi tena, ni ya uchachu, kama pombe iliyolala.

Kilichotokea ni hiki. Wale wa zamu ya pili, watengeneza asidi, ni wepesi, ukiwapa chakula kingi wanakimaliza haraka na kuzaana haraka. Wale wa mwisho, watengeneza methane, ni wazito, na hawapendi asidi. Asidi ikarundikana, wazito wakazimia, na kadiri walivyozimia ndivyo asidi ilivyozidi. Mtambo wangu ulivimbiwa. Zilikuwa zimebaki wiki sita kabla ya kufungua chuo.

Nilikaa kwenye ndoo nyuma ya jiko, karibu kulia, siwafichi. Mama akaja. Hakusema "nilikwambia", na hiyo iliniuma zaidi. Akauliza, "Anaumwa nini?" Nikasema asidi imezidi. "Na wewe ukipata kiungulia unafanyaje?" Akaingia ndani, akatoka na magadi, yale yale anayochemshia maharage.

Wadau, miaka yote ya uhandisi. Magadi! Ndani yake kuna bikaboneti na kaboneti ya sodiamu, na vitabu vyote vinasema mtambo ukichachuka usimamishe chakula na uongeze bikaboneti. Nilikuwa nimeisoma sentensi hiyo na nimeijibia mtihani, sikuwahi kuihusisha na kopo lililoko jikoni kwetu. Tukamnyima chakula kabisa, tukampa magadi kidogo kidogo, karibu nusu kilo kwa siku nne, na ndoo moja ya mbegu mpya kutoka machinjioni. pH ikapanda 6.0, 6.4, 6.8. Siku ya 23 ikawaka. Mama akaleta sufuria.

Niliporudi hapa, grafu yangu ilikuwa na shimo katikati. Washkaji wa kudesa (mnajijua) wakanishauri nifute zile siku, niunganishe mstari, nani atajua? Nilifikiria, nisiwadanganye. Nilikaa usiku mzima na faili lile. Kilichonizuia ni wale vijana wawili wa kwenye tanki. Walikufa kwa sababu kuna waliojua na hakuna aliyewaambia. Nikaliacha shimo, na nikaandika chini yake: mwanafunzi alimlisha kupita kiasi.

Jopo waliniuliza maswali kumi na moja, tisa yalihusu lile shimo. Profesa mmoja mzee akasema ameshaona mitambo mingi ikifa nchini hivi hivi: inajengwa, inazinduliwa, utepe unakatwa, halafu inaachwa bila mtu wa kuilisha kwa kipimo. Nikapata B+. Nilitaka A.

Nami ndicho ninachoondoka nacho. Tunazungumzia mitambo hii kama tunanunua mashine, ya kuchimbia na kuondoka. Hii ni mifugo. Inataka mtu anayeijua tabia yake, anayejua leo imekula nini, anayeona haicheui vizuri na kuchukua hatua kabla haijalala chini. Inataka malisho safi, haiwezi kulishwa zebaki ikawa salama. Na hata ikiwa nzima haimalizi kazi yote: naitrojeni na fosforasi zinatoka kama zilivyoingia, na vimelea wengi pia, ndiyo maana baada yake unahitaji mabwawa au matete. Lakini kama ni ufugaji, nani atawafundisha watu wa Shinyanga kufuga? Watu wanaotenga ngitili, yaani malisho wasiyoyagusa mpaka kiangazi kikaze, hawahitaji mtaalamu wa nje awaambie kwamba usimalize chakula chote siku moja. Wanahitaji kuambiwa tu kwamba hili pipa ni ng'ombe, halafu waachwe wafanye. Mimi niliambiwa kinyume chake, nikaamini kwamba anayejua ni mimi.

Asubuhi hii mama kapiga. Salamu, habari za bibi, bei ya mchele, halafu mwishoni: "Mnyama wako amekula. Lita tano. Sijazidisha." Mjomba naye katuma ujumbe kwamba choo kipya kimefika futi saba.

Haya, nina kipindi. Atakayetaka kuona madaftari aje achungulie dirishani, ila aje kabla ya kula.